Mzigo wa Kurudi

Gundi ya kuunganishia plastiki ina harufu kali inayopanda puani na kukaa huko kama mgeni asiyeaga. Leo asubuhi niliifungua hapa barazani kwangu, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Nilikuwa sijaunganisha hata bawa moja nilipojikuta nina vidole vidogo tena, vimenata ulimbo, na mbele yangu kuna ndege nyingine kabisa, ya maganda makavu ya mgomba na mabua ya mtama.

Hii ya leo ni mfano wa ndege ya jeshi ya kubeba mizigo. Imekuja vipande vipande ndani ya boksi. Mkia wake unafunguka kuelekea chini kama kinywa, ili anayeitazama aone kilichomo tumboni. Juu ya boksi wamechora gari dogo la jeshi na makasha ya risasi, na vipande vyake wametia humo humo ili mtu asisumbuke kufikiri. Nimeviweka kando. Boksi halinifundishi mimi kupakia. Mimi ndiye msichana wa kwanza wa kijiji chetu kupata stashahada ya ugavi. Nimesimamia maghala Mwanza na Dar es Salaam, nimepakia malori, mabehewa na ndege za kweli, na hakuna mzigo wangu uliowahi kumwagika njiani. Nimerudi Mugoma nikajenga nyumba ya vigae ambayo abiria wa basi huoneshana kwa vidole. Watoto wa hapa wananiita Mama Stashahada, wakidhani nitachukia. Naitika kwa sauti.

Lakini nikiulizwa nilijifunzia wapi kazi yangu, siwezi kusema ni chuoni peke yake.

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka miaka ile. Tulikuwa tumehamishwa kutoka migombani kwetu na nyumba zikapangwa kando ya barabara kama shanga kwenye uzi. Kengele ya kijiji ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Betri za redio zikichoka tulizianika juani juu ya jiwe, nazo zilifufuka kwa muda wa taarifa ya habari, kisha zikafa tena katikati ya wimbo. Sukari ilikuja kijijini kwa nadra, na ikija ilifungwa katika karatasi ya buluu ambayo hakuna mtoto aliyeitupa.

Kaka yangu Deusi alikuwa mgambo. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo Deusi ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba yetu, ingawa ndevu zake zilikuwa chache na alizilinda kama mche wa kahawa. Vita ilipoanza huko chini, upande wa Bukoba, alikuja kuchukuliwa na lori lililozoea kubeba magunia ya kahawa. Mama alimpa kikapu chenye mfuniko, kimoja kati ya viwili alivyovisuka pamoja kama pacha. Ndani alijaza ndizi zilizokaushwa na karanga za kukaanga.

Kwetu kikapu kinachokwenda kwa mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea maharage, hata kama huna kitu, utatia kiazi, utatia majani ya chai, utatia chumvi ya kuonja tu, ndipo umrudishie kikapu chake. Kukirudisha kitupu ni kama kumwambia mtu kwamba mmemalizana. Ndiyo maana Mama alipompandishia Deusi kikapu kwenye lori hakusema mengi.

"Mwana wanje, mwanangu, usinirudishie kitupu."

"Nitakirudisha na sukari, Mama," Deusi akacheka. "Mpaka mfuniko ushindwe kufunga."

Kisha akainama kunishika kichwa. "Kadogo, huko tutapandishwa ndege ambayo tumbo lake linameza lori zima."

"Inalitafuna?"

"Haitafuni. Inameza, halafu inakwenda kulitapika upande wa pili, zima kama lilivyoingia."

Lori likaondoka. Kile kikapu pacha kilichobaki Mama alikining'iniza juu ya mlango wa chumba, na tangu siku hiyo hakukitumia tena. Kila alipoingia alikigusa, kama wengine wanavyogusa maji ya baraka.

Baada ya hapo nakumbuka anga zaidi kuliko ardhi. Milima yetu huamka imefunikwa ukungu, vilele vikielea kama visiwa, na juu yake, siku moja moja, ulipita mvumo mzito usio wa radi. Tuliacha majembe tukatazama juu. Wakati mwingine tuliona kitu cha kijivu kikiteleza kati ya mawingu, polepole, kana kwamba hakina haraka ya kufika. Nilikuwa na hakika Deusi yumo. Nilikuwa na hakika pia kwamba mto unaopita wilayani kwetu unamfikia, kwa sababu mwalimu alituambia maji yetu ndiyo yanayoshuka hadi kule vitani. Nilikuwa na kaka juu yangu na njia ya kwenda kwake chini yangu, nami katikati nikipalilia maharage. Barua haikuja. Redio ilisema wapiganaji wetu wanasonga mbele, lakini haikumtaja Deusi. Maneno ya Mama yalianza kupungua, kisha yakapungua zaidi.

Ndipo Mwalimu Sabasi, aliyetufundisha sayansi kimu na kazi za mikono, alipotangaza kwamba siku ya wazazi darasa letu litaonyesha mfano wa vita. Meza mbili ziliunganishwa, zikamwagiwa udongo, vikafinyangwa vilima, na mto ukatandikwa kwa zile karatasi za buluu za sukari.

"Kila kitu kiwe cha kweli," Mwalimu alisema. "Sitaki mambo ya hadithi. Mtu asiwe mkubwa kuliko lori, na lori lisiwe kubwa kuliko ndege. Wazazi wenu wana watoto huko. Msiwachekeshe."

Kundi letu lilipewa ndege ya mizigo. Tulikuwa watatu: mimi, Pankrasi, ambaye mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko, na Kabula, binti wa Kisukuma ambaye familia yake ilikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga. Ndege yenyewe haikutusumbua. Mabua ya mtama yakawa mifupa, maganda ya mgomba yakawa ngozi, ulimbo wa mkuyu ukashika kila kitu, pamoja na nywele za Pankrasi. Kilichotusumbua ni mzigo.

"Risasi," Pankrasi alisema. "Tunajaza risasi mpaka mlangoni." Alikuwa amekwisha kukatakata matete na kuyapanga, na mbegu za mbarika zilikuwa mabomu yake.

"Na ng'ombe," Kabula akasema.

"Ng'ombe ndani ya ndege?"

"Baba ametoa dume kwa ajili ya askari. Dume letu lazima liwemo."

"Msukuma wewe! Hata mbinguni utataka kuingia na zizi."

"Na wewe Mhangaza utaingia na mkungu wa ndizi, Mtakatifu Petro akuulize kama umeleta na maharage."

Dume la Kabula lilikuwa zuri, la udongo mweusi, na pembe za miiba. Lakini lilikuwa limenenepa kuliko mlango wa ndege. Kabula aliposema lingeingia likisukumwa, nilichukua ujiti nikapima mlango, nikapima dume, nikawaonyesha. Mzigo haupimwi kwa tumbo la chombo, unapimwa kwa mlango wake. Miaka mingi baadaye mkufunzi aliandika jambo hilo hilo ubaoni na darasa zima likanakili. Mimi niliweka kalamu chini nikatabasamu.

Tulibishana hadi Mwalimu akachoka. "Nendeni mkamwulize Koplo," akasema.

Koplo alikuwa amerudishwa kutoka vitani akiwa na mkono kwenye bandeji, na alikuwa akipumzika kwa shangazi yake, karibu na shule. Tulimkuta amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akimenya kiazi kwa mkono mmoja, kiazi kimebanwa kati ya magoti.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Mmekuja kunisaidia kumenya au kunitazama?"

Tukamsaidia. Pankrasi akauliza ndege ya mizigo hubeba mabomu mangapi.

"Mabomu yapo. Lakini askari hali bomu. Tulisubiri unga, maharage, mchele, mapipa ya mafuta. Vitunguu. Kuna ndege moja ilikuja na vitunguu vitupu, magunia kwa magunia, tukavila na kila kitu mpaka tukavilalamikia."

"Na ng'ombe?" Kabula akauliza.

Koplo akacheka hadi akashika bandeji yake. "Ng'ombe anakuja kwa lori, binti. Akishtuka kule juu, rubani ndiye atakayechinjwa. Lakini mwambie baba yako tulikula nyama yake, na tulishukuru."

Nilikuwa nimenyamaza muda wote kwa sababu swali langu lilikuwa kubwa. "Na ikirudi, Afande? Inarudi tupu?"

Kisu chake kikasimama. Akatazama kiazi kile kana kwamba kimemsemesha.

"Hapana," akasema. "Hairudi tupu."

Akaendelea kumenya, nasi tukaaga.

Nilirudi nyumbani nikikimbia juu ya ardhi laini kama wingu. Mama alikuwa anapepeta mtama uani, na makapi yalimzunguka yakimeremeta juani. Nilimpigia kelele tangu njiani: "Mama, ndege hairudi tupu! Koplo amesema! Wanaijaza, halafu hairudi tupu!"

Nilidhani atacheka. Kwangu jambo lilikuwa wazi kama mchana: watu wa vitani wana adabu kama sisi. Wanapelekewa unga, wanarudisha kitu. Na watarudisha nini, ikiwa si watu wetu? Mama aliendelea kupepeta lakini mtama ulikuwa unamwagika pamoja na makapi. Akaniambia niende nikachote maji. Mtungi ulikuwa umejaa. Nilikwenda nikachota mengine.

Tangu hapo ndege yetu ilikuwa na kazi moja tu. Wenzangu niliwaachia magunia: vifuko vidogo vya majani tulivyojaza ulezi, na mapipa ya mafuta yaliyokatwa kwenye matete ya Pankrasi. Vilipangwa nje, kando ya mlango, kama vilivyokwisha kushushwa. Dume la Kabula lilisimama nyuma ya kilima likisubiri lori. Ndani ya tumbo niliweka mzigo wa kurudi, na mzigo huo sikutaka mtu auguse.

Niliwafinyanga watu kwa udongo wa mfinyanzi, kila mmoja mrefu kama maharage mawili yakifuatana. Nilitaka wakae, wamepakata vikapu vyao magotini, wakitazama chini kupitia madirisha. Lakini walikataa kukaa. Nikiwaegemeza huku, wanaangukia kule.

"Wamelewa," Pankrasi akasema.

"Wamechoka," nikasema. "Wametoka vitani. Waache walale."

Nikawalaza chali, kwa safu, vichwa upande mmoja. Deusi nilimjua kwa sababu nilimtia kidevu kirefu. Na kwa kuwa nilijua baridi ya asubuhi zetu, na nikafikiri kule juu mawinguni baridi ni kali zaidi, nilichana majani mabichi ya mgomba nikawafunika wote, kuanzia miguuni hadi juu ya kichwa, kama tulivyojifunika sisi wenyewe wakati wa masika. Nikarudi nyuma nikatazama. Sijaona tangu siku hiyo mzigo uliopangwa vizuri kuliko ule.

Siku ya wazazi darasa lilijaa harufu ya moshi wa jikoni na mafuta ya nywele. Wazazi walizunguka meza polepole. Walicheka walipoliona dume. Baba yake Kabula alisimama mbele yake kwa muda mrefu na kusema, "Ndiye kabisa, hata jicho." Walisifu mto. Kisha wakafika kwenye ndege, na kicheko kilichokuwa kikizunguka pamoja nao kikaisha, hivi hivi tu, kama maji yanavyonywewa na mchanga.

Koplo aliinama akachungulia mlangoni mwa ndege. "Nani amewapanga hawa?"

"Mimi, Afande."

"Nani amekuambia?"

"Wewe. Ulisema hairudi tupu. Wanarudi nyumbani. Wamelala."

Alinyooka. Akavua kofia yake kwa ule mkono mmoja, akaibana kwapani, akasimama hivyo. Wanawake wawili waliokuwa na wana huko walishikana mikono. Nilimtazama kila mmoja nikisubiri sifa, nikidhani wameduwaa kwa uzuri wa kazi yangu.

Mama alipita katikati yao. Akapiga magoti hadi macho yake yakalingana na mlango wa ndege.

"Deusi ni yupi?"

Nikamwonyesha.

Aliingiza vidole viwili taratibu sana, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku anayeatamia. Akalishika lile jani, akalishusha kutoka kichwani kwa yule mtu wa udongo hadi kifuani, akalikunja pembeni vizuri.

"Usimfunike uso," akasema. "Atakosa hewa."

Kisha akawafunua nyuso wengine wote, mmoja baada ya mwingine, wale ambao hakuwajua wana wa nani. Nilifikiri: kweli, nimesahau hewa. Nikaona haya kidogo kwa uzembe huo, na nikafurahi kwamba Mama sasa ananisaidia kuutunza mzigo wangu. Hayo ndiyo niliyoyafahamu.

Vita iliisha redioni kabla haijaisha nyumbani kwetu. Watu waliimba barabarani, na Mama aliimba pamoja nao, akirudi anakigusa kikapu juu ya mlango. Wengine walirejea na malori. Deusi hakuwamo. Maharage yaliiva, tukayang'oa, tukayaanika. Tulikuwa tunayapiga kwa fimbo uani, vumbi lake tamu likituingia puani, pale Pankrasi alipotokea barabarani akikimbia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na maneno. Alikuwa ananyoosha mkono tu.

Deusi alikuja kwa magongo. Mguu mmoja ulikuwa umebaki mfupi kuliko mwenzake, na mwili wote ulikuwa umepungua kana kwamba wamemkausha kama zile ndizi. Mgongoni, kwenye kamba, alikuwa amefunga kikapu cha Mama. Mama hakukimbia. Alikaa chini pale pale juu ya maganda ya maharage, fimbo mkononi, akamngoja amfikie.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Umenirudishia kitupu?"

Deusi alishusha kikapu. "Sukari sikupata, Mama." Akafunua. Ndani kulikuwa na kitunguu kimoja, kimenyauka, kimeota kichipukizi cha kijani.

Akatueleza akiwa ameegemea ukuta, maji ya kunywa mkononi. Walipomtoa msituni alikuwa hajitambui. Alipakiwa kwenye ndege ya mizigo kupelekwa Mwanza, amelazwa sakafuni kwa safu pamoja na wengine. Ndege hiyo ilikuwa imetoka kushusha vitunguu. "Kuna mtu alinifunika blanketi mpaka juu ya uso," alisema. "Labda baridi. Labda alidhani nimekwisha kwenda. Siwezi kumlaumu, nami nilidhani hivyo hivyo." Akacheka. "Halafu nikapata hewa. Blanketi lilikuwa limeshuka hadi kifuani, na kitunguu kilichobaki sakafuni kilikuwa kimebingiria kikatulia shavuni kwangu. Harufu yake ikanitoa machozi. Muuguzi akaona machozi, akapiga kelele."

"Nani alikufunua?" Mama akauliza.

"Sijui, Mama. Ndege ilikuwa inatikisika."

Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu. Hakuuliza ilikuwa siku gani, wala mimi sijawahi kuuliza. Kitunguu hakukipika. Alikipanda nyuma ya jiko, kikatoa maua meupe ya duara yaliyojaa nyuki.

Mama alikwishapumzika, na vikapu vyote viwili viko juu ya mlango wangu, chini ya vigae. Deusi anaishi nyumba ya jirani niliyomjengea. Sasa hivi amekuja na fimbo yake, ameinama juu ya ndege yangu ya plastiki akitafuta kasoro. Nimeshawalaza watu wangu sakafuni, chali, kwa safu. Mablanketi yao nimeyakata kwenye kanga ya zamani, yamefika kifuani. Karibu na shavu la yule mwenye kidevu kirefu nimegandisha shanga nyekundu.

"Hicho ni nini?"

"Kitunguu."

"Dada, kwa vipimo hivyo ni boga. Lingeniua."

Anasema kweli. Nimeing'oa shanga, nimetia punje moja ya ulezi, nimeibonyeza kwa ncha ya sindano mpaka ikashika. Deusi amechungulia tena, karibu sana, pumzi yake ikiingia tumboni mwa ndege.

"Hapo sawa," amesema. "Mlango usiufunge."